Bi Rugaya Alifukia Wapi

Bi Rugaya Babikir alikuwa mwongo kwa jambo moja tu, na kwa hilo hakuwa na haya. Alikuwa fundi wa khumra, yale manukato mazito ya maharusi wa Kisudani, na tangu ahamie Iowa City, Marekani, hapakuwa na bibi harusi wa maana, hata wa Coralville au Cedar Rapids, aliyetolewa ndani bila kunukia kazi ya mikono yake. Ukimwuliza anatia nini, atakwambia. Atakushika mkono, atakutazama machoni kwa mapenzi, kisha atakudanganya. Huyu anaambiwa karafuu zitangulie, yule anaambiwa zije mwisho, na wa tatu anaapiwa kwamba karafuu hazimo kabisa. Mama yake kule Omdurman alikuwa hivyo hivyo. Fundi anayesema kweli, alimfundisha, kesho anaomba kazi kwa mwanafunzi wake.

Na khumra yake haikuivia jikoni. Aliiziba ndani ya mtungi mdogo wa udongo, akaifukia ardhini ikae gizani mpaka siku ya harusi, na hapo ndipo uongo wake ulipokuwa mtamu zaidi. Watu wana vijicho. Akitokea mmoja akaufukua mtungi na kuunusa kabla ya siku, baraka imekwisha. Kwa hiyo kila shoga aliyeuliza safari hii umefukia wapi alipewa mahali pake peke yake, na kila mmoja alitoka akijiona ndiye msiri wa Bi Rugaya.

Mwaka huu harusi ilikuwa ya binti yake mwenyewe, Mashair, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mumewe. Nikahi ilikuwa imekwisha fungwa Cairo, Mashair alipokwenda kumwona Mudathir, kijana aliyeikimbia vita ya Khartoum na mkoba mmoja mgongoni. Kilichobaki ni Mudathir kufika na sherehe ifanyike. Lakini karatasi zake zilikuwa zimekwama mwaka wa pili sasa, na kila wakiuliza jibu lilikuwa lile lile: bado ziko kwenye uchunguzi wa usalama. Bi Rugaya alichoka kungoja. Akapika khumra na kuifukia mapema kabla ardhi haijaganda kwa baridi, kama mtu anayeiambia serikali kwamba yeye ameshajiandaa.

Shoga yake Tahani aliambiwa mtungi uko nyuma ya gereji. Wengine waliambiwa chini ya ngazi, wengine kando ya bomba la maji. Mashair naye aliuliza, na kwa kuwa bibi harusi ndiye wa mwisho kuruhusiwa kuinusa khumra yake, aliambiwa upo chini ya lile bakuli la saruji la kuogea ndege, aliloliacha mwenye nyumba wa zamani. Mama alicheka moyoni alipokuwa akilisema. Penyewe hasa alipajua yeye na Mola wake.

Jumanne moja alasiri, Bi Rugaya ametoka kazini kwenye jiko la shule na hajavua hata viatu, mlango uligongwa. Walikuwa watu wawili wa usalama, mwanamume mrefu aliyejitaja kuwa Kessler, na msichana ambaye hakusema kitu tangu aingie mpaka atoke. Bi Rugaya aliwawekea chai ya maziwa na biskuti. Hawakuigusa. Hapo tu alianza kuwaogopa, maana mtu anayeingia nyumbani mwako akakataa chai yako amekuja na lake.

"Hatujaja kwa ubaya, mama," Kessler alisema. "Ni maswali madogo tu. Gereji yako inatoa moshi."

"Ni mafukizo. Wanawake wetu hukalia moshi kabla ya harusi. Ngozi inakuwa laini, inanukia."

"Kuni zinatoka Sudan?"

"Mgunga wa kwetu. Huu wa hapa unanuka kama moto wa taka."

"Na wanaume hawaruhusiwi kukaribia."

"Mkeo akioga, wewe unaita majirani?"

Yule msichana aliinamisha uso. Kessler hakucheka, alivuta tu pumzi. "Umenunua spiriti kali nyingi sana. Mnapokutana simu zinawekwa nje. Ukiyaweka pamoja, moshi, spiriti, ndoo ya chuma, watu wasioruhusiwa kuingia, mama, na wewe ungeuliza."

"Spiriti ni ya manukato. Simu zinaharibiwa na moshi."

"Na kile ulichokifukia ni nini?"

Bi Rugaya alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza. Moshi jirani yeyote angeweza kuuona. Spiriti ina risiti dukani. Lakini mtungi aliufukia peke yake, alfajiri, taa ya uani imezimwa, na habari ya kwamba kuna kitu ardhini aliitoa kwa midomo yake mwenyewe kwa wanawake wachache walioketi kwenye zulia hilo hilo, wakala mkate wake wa kisra na kuramba vidole.

"Manukato," alisema hatimaye.

"Mnafukia manukato?"

"Yaive."

Kessler aliinama mbele. Kisha akaeleza kwamba yeye hana tatizo na desturi za mtu. Alisema msikitini kwao panachangishwa pesa za Sudan, na huenda zote zinakwenda kwa wenye njaa, na huenda nyingine haziendi huko. Sheria inasema anayemsaidia gaidi hata kwa blanketi ameshiriki. "Kazi yangu ni kujua kabla," alisema. "Jambo likishatokea, kila mtu anatuuliza mlikuwa wapi. Hata ninyi mtatuuliza." Alilisema kama mtu aliyechoka kweli, na kwa kitambo Bi Rugaya alimsadiki. Lakini yule bwana akaendelea. "Tungependa uwe rafiki yetu. Utuambie tu nani anachangisha, nani anapeleka. Mkweo bado yuko Cairo, siyo?"

"Unanitisha au unanibembeleza?"

"Tunazungumza tu, mama."

Wakaondoka. Kadi yenye namba ya simu ikabaki mezani kando ya vikombe viwili vilivyojaa chai iliyopoa.

Tangu siku ile Bi Rugaya hakulala usingizi wa kushiba. Kwanza alimshuku jirani yake Carol, bibi mmoja mweupe aliyewahi kuwaita watu wa zimamoto kwa sababu ya mafukizo, kisha akaja kuomba radhi na keki ya maboga. Lakini Carol angejuaje habari ya mtungi? Huyo hata jina la Mashair hulivunja vipande. La. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za Bi Rugaya zilikuwa ni hao hao mashoga zake.

Akawapima mmoja mmoja, anakatakata vitunguu shuleni huku anapima watu. Na kila akipima, mzani ulilalia kwa Tahani. Tahani naye alikuwa anauza khumra, na khumra yake ilikuwa mbaya, na yeye mwenyewe alijua. Tahani alikuwa mama mdogo wa Mudathir, na alitaka mpwa wake aoe katika ukoo wao. Na kubwa zaidi, mume wa Tahani aliyesota kwa miaka akingoja uraia, mwezi uliopita uraia ulikuwa umemshukia kama mvua ya ghafla, wenzake waliotuma maombi siku moja naye bado wanapiga miayo. Watu wa usalama huwalipa rafiki zao kwa nini, kama si kwa karatasi? Bi Rugaya alijiambia Tahani ndiye, na baada ya hapo kila alichokumbuka kuhusu Tahani kilikuwa ushahidi.

Mwanzoni alitaka kukaa kimya. Hakuweza. Ijumaa wanawake walikusanyika kwake kusaga singo ya bibi harusi, nyumba imejaa vumbi la msandali na kelele za vicheko, Tahani akaegemea mto na kusema kwa bashasha, "Shoga, mtungi wetu huko uliko haujaganda kwa baridi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Au kuna mtu kakutuma uulize?"

Mawe ya kusagia yalisimama. Tahani aliangalia kulia na kushoto, akidhani utani unakuja nyuma. "Nani anitume?"

"Hao waliompa mumeo uraia."

"Rugaya, chunga ulimi."

"Ulimi wangu haujawahi kuingia ofisini kwa mtu. Wako umeingia. Watu wa usalama wamekaa hapo ulipokaa wewe, wakaniuliza nimefukia nini. Mimi sikuwa nimewaambia kitu. Carol hajui. Nani kasema?"

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema ni wewe. Nimeuliza nani."

"Umeuliza ukiniangalia mimi." Tahani alisimama, akajifunga toub, lile vazi lake refu la Kisudani. "Mume wangu ameosha maiti za hospitali miaka kumi na tatu ili apate hiyo karatasi. Leo ndani ya nyumba yako amekuwa mbwa wa serikali. Haya. Mungu yupo."

Hakuna aliyemzuia. Wanawake wengine walikusanya vitu vyao taratibu, wasitazamane, kila mmoja akihesabu kimoyomoyo amewahi kusema nini mbele ya Tahani, na pengine mbele ya Bi Rugaya mwenyewe. Mashair alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka sakafuni, akaenda zake chumbani.

Siku ya pili yake Bi Rugaya alimpigia wakili mmoja wa watetezi wa haki, mama wa Des Moines mwenye sauti ya kukwaruza. Wakili alimwambia kunyamaza si kosa. "Wakija bila hati ya upekuzi, mlango ni wako. Wakija na hati, isome, wapishe, usiwaguse, usiseme neno."

"Lakini nikinyamaza si wataona nina la kuficha?"

"Wataona hivyo. Nyamaza hivyo hivyo."

Bi Rugaya alikata simu akiwa na hasira na wakili, na Kessler, na Tahani. Ilikuwaje haki ya mtu ikafanana hivyo na hatia yake?

Watu wa usalama walikuja asubuhi moja, na hati. Magari yalijaa mtaa mzima, Carol akasimama barazani kwake na joho la kulalia, mkono mdomoni. Mashair alikuwa zamu hospitalini. Bi Rugaya aliisoma hati polepole ingawa macho hayakushika neno, akawapisha. Waliichukua ndoo, kuni, spiriti, na hata sukari aliyoiunguza kwa ajili ya udi. Kisha watu wenye makoleo walikwenda uani na mbwa, naye Bi Rugaya akasimama kwenye dirisha la jikoni.

Aibu yake ni kwamba alikuwa akiomba. Alikuwa akiomba waende nyuma ya gereji. Wakichimba nyuma ya gereji, basi ni Tahani kwa uhakika usio na shaka, na yale maneno ya Ijumaa yatakuwa haki yake na si dhambi yake. Nendeni, alisema moyoni, nendeni huko, nimwone huyo mwanamke mbele ya watu.

Waliipita gereji bila kuiangalia. Waliipita ngazi na bomba. Wakaenda moja kwa moja hadi kwenye bakuli la ndege, wanaume wawili wakalishika huku na huku, wakaliinua na kulilaza ubavuni, na koleo la kwanza likaingia pale pale bakuli lilipokuwa limesimama.

Bi Rugaya alishika ukingo wa sinki. Alisikia tu koleo linavyokwaruza mawe, na maji ya bomba aliyoyasahau yakimwagika juu ya mikono yake.

Hawakupata kitu. Walipanua shimo, wakachimba la pili kando yake, mbwa akalala chini. Kessler aliingia jikoni na matope viatuni. "Kiko wapi, mama?"

Alinyamaza, kama wakili alivyosema. Wala si kwa ajili ya wakili. Alikuwa akiliangalia lile bakuli lililolazwa ubavuni.

Mashair aliporudi jioni alipitia uani, akaliona shimo, akasimama mbele yake kwa muda mrefu na sare zake za hospitali. Mama yake alikuwa amepika. Alimpakulia, akamsogezea maji ya kunawa, akangoja mpaka ameketi.

"Pale nilikwambia wewe tu," Bi Rugaya alisema.

Mashair hakukana. Kama angekana, pengine mama yake angemshukuru. "Uwanja wa ndege," alisema. "Nilipotoka Cairo. Walinitia kwenye chumba, wakachukua simu, wakasoma ujumbe wote wa Mudathir, hata ule ambao... wote, mama. Wakasema faili lake liko mezani, linaweza kukaa hapo mpaka tuzeeke. Wakataka majina. Nani anachangisha msikitini, nani anapeleka, nani anasema nini."

"Ukawapa."

"Sikuwapa hata jina moja. Wallahi, mama. Kila wakipiga simu nawaambia sijui. Ila walitaka kitu, hawaondoki bila kitu. Ulipokwisha fukia wakapiga tena, nikawapa manukato." Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye sahani bila kelele. "Nilifikiri, nikiwaambia wanawake wanakalia moshi, mama yangu anafukia mtungi chini ya bakuli la ndege, wataona sisi ni watu wa upuuzi tu. Watacheka waende zao."

"Walicheka?"

"Waliandika."

Bi Rugaya alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na vyote viwili vilimjia kwa nguvu sawa hata akabaki amekaa. Mtoto alikuwa amelinda watu wote wa mji ule kwa kumtoa mama yake. Na alifanya hivyo kwa sababu aliamini kwamba kitu cha mama yake hakiwezi kumdhuru mtu. Utamlaumu vipi? Na utaachaje kumlaumu?

"Tahani anajua?" Mashair aliuliza.

"Tahani anajua nimemwita mbwa."

Kesho yake Bi Rugaya alikwenda kwa Tahani kwa miguu, baridi inamkata masikio. Njiani kote alikuwa akitafuta la kusema. Kuomba radhi kulikuwa rahisi, ni maneno. Ugumu ulikuwa katika swali litakalofuata. Akisema ni Mashair, habari itafika Cairo kabla yeye hajarudi nyumbani, na ukoo wa Mudathir hautakubali msichana anayesema na watu wa usalama. Talaka ingemfikia kwa simu. Na hapa mjini nani angeketi tena na Mashair?

Tahani alifungua mlango, hakumkaribisha, hakumfukuza. Walisimama ukumbini.

"Nimekuja kukuomba radhi. Si wewe. Nimejua si wewe. Nimekukosea wewe na mumeo."

"Nimesikia," Tahani alisema. "Ni nani basi?"

"Ni mimi."

"Wewe."

"Niliogopa. Walinitajia mkwe wangu, nikasema mwenyewe. Kisha nikaona haya, nikakusingizia wewe. Waambie wenzetu. Waambie ni Rugaya."

Tahani alimtazama. Alikuwa mpika khumra mbaya, lakini hakuwa mjinga. "Jana walichimba. Carol kamwambia kila mtu. Walichimba wakakosa."

"Ndiyo."

"Wewe unajua ulipofukia."

Bi Rugaya aligeuka kuutazama mlango.

"Mtu akienda kusema mwenyewe, Rugaya, huwaambia mahali pasipo penyewe?" Tahani aliivuta toub yake begani. Macho yake yalizunguka, yakatulia, na Bi Rugaya aliona wazi kwamba ameelewa. "Mimi uliniambia ni nyuma ya gereji. Wamechimba wapi?"

"Tahani, nakuomba."

Walisimama hivyo, wanawake wawili waliofahamiana tangu Wasudani walipokuwa wachache mjini.

"Mudathir ni mtoto wa dada yangu," Tahani alisema mwishowe. "Amelala sakafuni kwa watu mwaka wa pili. Haya. Ni wewe. Nitawaambia ni wewe."

"Mungu akulipe."

"Asinilipe. Na mimi sikusamehe, usije ukadhani. Ila ni wewe."

Na Tahani aliwaambia. Ijumaa iliyofuata msikitini Bi Rugaya alijipanga safu ya mwisho, na nafasi pande zake zote mbili zikabaki wazi. Maharusi wa Cedar Rapids walioagiza khumra wakapiga simu kusema wameghairi. Mwanamke mmoja aliyekula kwake kwa miaka alivuka barabara alipomwona. Bi Rugaya hakumlaumu, kwa sababu yeye mwenyewe angevuka. Kadi ya Kessler alikuwa ameitupa, lakini simu ya Mashair bado ililia mara kwa mara, na ikilia binti alitoka nje kuipokea, na mama alipunguza sauti ya televisheni ili asikie, kisha akaiongeza ili asisikie. Faili la Mudathir, waliambiwa, linasogea.

Theluji ya kwanza ilianguka, ikayafunika yale mashimo yaliyokuwa yameshafukiwa ovyo. Mashair alikuja jikoni, akamkumbatia mama yake kwa nyuma kama alivyokuwa akifanya zamani, akaweka kidevu begani kwake.

"Mama," alisema, "kwani mtungi hasa uko wapi?"

Lilikuwa swali la mtoto anayetaka kusamehewa, hapana zaidi. Bi Rugaya alilijua hilo. Alijua pia kwamba simu ilikuwa kwenye mfuko wa sare.

"Chini ya ngazi ya nyuma, mwanangu," alimwambia, akampapasa mkono.

Haukuwa huko. Mara ya kwanza alimdanganya kwa sababu ndiyo desturi, na alikuwa akicheka moyoni. Safari hii hakucheka.